Kocha Teo na Marehemu wa Kibirizi

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, pole yako. Nitakusaidia kidogo tu, maana leo hatuna nafasi ya kupiga porojo. Ni mwaka 1998, Kigoma mjini, fainali ya mpira wa kikapu. Vijana wa Mwanga, timu ya watoto wa mjini na wakimbizi wa Burundi, wanacheza na Tabora. Kipindi cha kwanza kimekwisha. Leonia, mwuza dagaa wa Kibirizi, amejipenyeza mpaka kwenye benchi, akamvuta Kocha Teo pembeni na kumnong'oneza jambo. Kocha akaangusha chupa ya maji.

"Rudia," alisema Kocha.

"Mara ngapi, jamani? Sindayigaya yupo hai. Baba yake Ndizeye. Yule mliyemvunjia matanga Jumapili kule kambini, na pombe mkanywa."

"Leonia, umelewa?"

"Mimi mlokole! Hata hiyo Jumapili nilikunywa soda. Nisikilize, Kocha. Yupo kibandani kwangu, kalala juu ya magunia. Boti ya Nyanza-Lac, kule Burundi, ilimshusha jana, homa imempanda, hajitambui. Nikamwingiza ndani kwa huruma tu, hata simjui. Leo mchana kapata fahamu, nikamuuliza jina. Alipolitaja, nikamuuliza na la mkewe na la mtoto."

"Sindayigaya wako wengi."

"Wenye mke Révérienne na mtoto Ndizeye anayecheza mpira wa kikapu Kigoma? Hao nao wako wengi?"

Kocha aliinama akaokota chupa.

"Mganga wa zahanati kaja, katikisa kichwa," Leonia aliendelea. "Kasema tusimbebe, atatufia njiani. Jioni hii haimalizi, Kocha. Anamwita mwanawe, hana neno lingine. Mlete sasa hivi. Mimi narudi, nimemwachia jirani."

Akaondoka mbio, kanga mkononi, akawaacha watu wakiuliza yule mama kafuata nini.

Na Ndizeye? Alikuwa pale pale, anamenya chungwa na kutaniana na wenzake. Kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mikono kama ya kuazima, na kipindi cha kwanza alikuwa amewanyanyasa Tabora mpaka refa mwenyewe akacheka. Akamwona kocha anamtazama, akamrushia kipande cha chungwa. Kocha akakidaka, akabaki nacho mkononi.

Upande wa pili wa uwanja, kwenye kiti cha mto, alikaa mgeni kutoka Dar es Salaam, mwalimu wa chuo kimoja. Amekuja kuchukua mchezaji mmoja. Mmoja tu! Atakayechaguliwa atapata shule, kitanda na timu. Kwa mtoto wa mjini hiyo ni bahati. Kwa mtoto wa kambini, anayeomba kibali hata cha kwenda sokoni, hiyo ni maisha mengine kabisa.

Sasa unauona mtego. Akimwambia, kijana anaondoka, na nafasi inakwenda kwa mwingine. Asipomwambia, mzee atakufa akimwita mtu aliye karibu kiasi kwamba ungeweza kumfuata kwa baiskeli.

Kama ni msomaji mpya utauliza, kocha mwenyewe ni nani? Teodulo Abrenica, Mfilipino. Watoto wa Mwanga walimwita Mchina mpaka akachoka kukanusha. Kwao Ufilipino mpira wa kikapu unachezwa hata na wavuvi, tena na ndala miguuni. Yeye alitoka katika ndala hizo akafika Manila, akacheza kwa kulipwa, na sura yake ikabandikwa kwenye kuta za vinyozi. Baadaye akaacha kucheza, akawa kocha wa vijana wa parokia, na mapadri wamisionari wakamleta Kigoma. Kila wiki alipanda gari kwenda kambini kufundisha, na huko ndiko alikomwokota Ndizeye.

Na ni yeye, Kocha Teo, aliyesababisha matanga kuvunjwa.

Warundi wakifiwa, nyumba hukaa na msiba mpaka siku ya kuganduka. Siku hiyo watu wanakusanyika, pombe inanywewa, mkubwa wa ukoo anasema maneno yake, halafu wafiwa wako huru. Kabla ya hapo huoi, huchezi ngoma, huhami. Nyumba ya Révérienne ilikaa hivyo tangu mama na mtoto walipovuka ziwa bila baba, naye akahesabiwa amekufa vitani. Wazee wa kambi walitamka wazi: mazoezi sawa, ila fainali yenye matarumbeta na vigelegele, tena na kuhamia Dar juu yake, hapana. Kwanza kuganduka.

Révérienne alikataa. Kila akiombwa, jibu lake lilikuwa neno moja, "Bado." Watu wakasema, maskini, bado anamsubiri mumewe.

Kocha ndiye aliyembembeleza. Alikaa naye jikoni akamweleza kwamba kwao pia mfiwa huvaa nyeusi mwaka mzima, kisha siku moja watu wanasali, wanakula, nguo nyeusi inavuliwa, na aliyebaki hai anaruhusiwa kuishi. "Mama Ndizeye," alimwambia, "mruhusu mtoto aishi." Mama yule alilia sana. Mwisho akasema, "Haya, Kocha. Kwa ajili yake." Pombe ikapikwa, na Jumapili Sindayigaya akaagwa rasmi na ukoo mzima.

Haya, turudi uwanjani.

"Yule mama kataka nini?" Ilikuwa sauti ya Mwinshehe, mwenyekiti wa timu, mfanyabiashara wa mjini mwenye kanzu safi na haraka isiyokwisha. Kocha akamwambia yote. Alihitaji mtu wa kumwambia, na bahati mbaya aliyekuwa karibu ni huyo.

Mwinshehe alishika kichwa. "Umemwambia mtoto?"

"Bado. Namwita."

"Subiri! Subiri kwanza, Kocha, tafadhali. Yule mgeni tangu amekaa kaandika mara moja tu. Hatujui kaandika jina la nani. Mtoto akitoka sasa, kesho watamchukua yule mrefu wa Tabora."

"Baba yake anakufa, Mwenyekiti."

"Baba yake alikufa Jumapili! Sisi wote tulikuwepo!" Mwinshehe akashusha sauti. "Mimi si mkatili, nisikilize. Kama kaweza kuvuka ziwa na homa, ataweza kungoja mpira uishe. Mtoto atafika kwa baba yake akiwa na habari njema mkononi. Hutaki hiyo?"

Filimbi ikalia. Wachezaji wakasimama.

Ndizeye akapita mbele yao. "Kocha, una maneno?"

Hapo, msomaji wangu, ndipo penyewe. Kinywa cha Kocha Teo kilifunguka. Alilitazama tabasamu la kijana, akamtazama mgeni wa Dar, akayatazama majukwaa ya mbao ambako Révérienne alikaa na kitenge chake kipya cha njano, kitenge cha kwanza chenye rangi tangu alipovuka ziwa.

"Cheza," alisema Kocha. "Nenda ukacheze."

Akakaa chini, na chungwa lilikuwa limemminyikia kiganjani.

Ungemwona siku ile ungedhani anaumwa. Kila Ndizeye alipofunga, uwanja ulipasuka kwa kelele, na Kocha alifumba macho. Alijiambia atamwita baada ya kikapu kimoja. Kikaja, akajiambia kingine. Tabora walikuwa wakali, wanafuata nyuma kwa vikapu vichache tu, na kila alipotaka kunyanyuka aliuona mkono wa mgeni ukishika kalamu. Akawa anafanya biashara na Mungu kimya kimya, mshike yule mzee kidogo, mshike kidogo tu, mimi nakuja naye.

Sasa nikueleze kwa nini jambo hili lilimuuma yeye kuliko ambavyo lingekuuma wewe au mimi.

Ukimuuliza Kocha Teo kwa nini aliacha kucheza, atakukunjulia suruali akuonyeshe kovu la goti la kushoto. Goti ni hadithi ya magazeti ya kwao. Ukweli ni kwamba siku ya fainali yake ya mwisho kule Manila, simu ilipigwa kutoka kijijini kabla ya mechi. Mama yake alikuwa mahututi, anamwita. Aliyeipokea alikuwa kocha wake, mtu aliyempenda kama baba. Akaiweka moyoni, akamwambia, "Cheza, mwanangu." Teo akacheza kuliko siku zote za maisha yake. Akafunga kikapu cha ushindi, akabebwa juu juu, akaoga kwa pombe za watu. Kombe likiwa mikononi ndipo akaambiwa. Mama alikuwa amekata roho watu wakiwa bado wanashangilia.

Hakucheza tena hata siku moja. Alipokuwa kocha akaweka sheria moja, na wachezaji wake wote wa Mwanga walikuwa wanaijua kwa moyo: habari ya nyumbani inafika kwanza, mpira baadaye. Bonifasi, beki wao, alishatolewa katikati ya mechi kwa sababu mkewe kashikwa na uchungu tu. Ndiyo maana vijana wale walikuwa tayari kuvunjika mifupa kwa ajili yake.

Na leo yeye amekaa kwenye benchi na roho ya mtu mfukoni! Nilipoambiwa habari hii mara ya kwanza nilitaka nimpige kofi. Halafu nikafikiria kitanda kile cha Dar, nikanyamaza.

Dakika zilikuwa zimebaki chache. Tabora wakasawazisha. Uwanja mzima ukasimama. Ndizeye akaja pembeni kurusha mpira, jasho linamtiririka, akamwinamia kocha wake na kusema kwa furaha, "Kocha, leo natamani mzee angekuwepo aone."

Yakaishia hapo. Kocha Teo aliruka kwenye benchi akapiga kelele za kuomba taimauti kama mtu aliyeumwa na siafu.

"Vua bukta, vaa suruali," alimwambia Ndizeye. "Tunaondoka."

"Tunaondoka wapi? Mechi je?"

"Baba yako yupo hai. Yupo Kibirizi kwa Leonia. Anaumwa sana. Anakuita."

Wachezaji wakatazamana. Ndizeye akacheka. Kweli kabisa, akacheka kwa sauti.

"Kocha, na wewe wamekupata? Hao ni Tabora! Mwaka jana si walimtumia Adolf wetu mtu wa kumwambia nyumba yake inaungua? Akatoka mbio, akakuta mkewe anasonga ugali!"

"Si Tabora."

"Baba yangu tumeshaganduka kwa ajili yake Jumapili. Wewe mwenyewe ulikunywa kwenye mrija uleule na wazee. Kocha, tafadhali, mpira umebaki kidogo."

"Ndizeye. Nitazame usoni."

Kijana akamtazama. Kicheko kikaondoka taratibu. Akaurusha mpira chini, akaruka kamba ya pembeni mwa uwanja, akapanda majukwaa ya mbao kwa mama yake, watu wakimpisha kwa mshangao.

"Mawe," alimwita mama yake kwa Kirundi, kwa sauti ya mtoto mdogo. "Wanasema baba yuko hai."

Révérienne alikuwa ameshika pindo la kitenge chake kipya. Watu waliokaa karibu walitegemea apige yowe, au aanguke. Yeye aliuliza kitu kimoja tu.

"Yuko wapi?"

Ndizeye alirudi nyuma hatua moja. "Mawe! Ulijua?"

"Yuko wapi, mwana wanje, mwanangu?"

"Yampayinka, jamani! Ulijua!"

Refa akapuliza filimbi, mpira ukaanza bila wao. Mwinshehe alikimbilia mlango wa uwanja na kushika mkono wa Kocha, anaomba, anatishia, anakaribia kulia. Kocha akamwondoa mkono kwa upole. Gari la misheni, pikapu kuukuu ya kusukumwa, safari hii likawaka lenyewe.

Njiani kuelekea Kibirizi walikuwa watatu mbele, mama katikati. Wakaacha barabara kuu.

"Nilijua," alisema Révérienne akitazama mbele. "Muda mrefu sasa. Mfanyabiashara wa mawese kutoka kwetu alinikuta sokoni. Akanitazama kama anaona mzimu. Akaniambia, mama, wewe si ulikufa? Mumeo amekwisha kuganduka kwa ajili yako na mtoto. Pombe tumekunywa. Ameoa mke mwingine, anaitwa Manariyo, wanalima pamoja."

"Kwa nini hukuniambia?" Ndizeye aliuliza.

"Nikuambie nini? Baba yako ametuzika tukiwa tunapumua? Hata ziwa hakuvuka kututafuta? Ungekwenda kumfuata, na kule risasi zinalia. Nikasema bora mtoto amlilie baba mwema kuliko amchukie baba mbaya."

"Na ndiyo maana ulikataa kuganduka," Kocha alisema.

"Ningevunjaje matanga ya mtu anayekula na kulala, Kocha? Ni uchuro huo. Niliogopa." Machozi yakaanza kumshuka. "Halafu ukaja wewe na maneno yako mazuri. Nikasema, basi. Yeye aliniua kwanza. Na mimi namuua, mtoto wangu aende. Nikamimina pombe, nikamtaja jina mbele ya watu wote. Hata juma halijaisha, anakuja kufa kweli."

"Si wewe, Mama Ndizeye. Ni homa."

"Wewe hujui," alisema mama. "Endesha."

Kocha aliendesha. Alikuwa ameukamata usukani kwa mikono miwili na hakuthubutu kumtazama mtu yeyote katika gari lile. Ndizeye alikuwa anagonga goti lake kwa ngumi, tena na tena. "Namkuta, namkuta, namkuta," alikuwa anasema. Kisha akamgeukia Kocha, akamshika bega. "Asante, Kocha. Mwingine angenificha mpaka mpira uishe."

Niseme nini? Kuna shukrani nyingine afadhali utukanwe. Kocha Teo akakanyaga mafuta.

Kibirizi ilikuwa katika shughuli zake. Dagaa wameanikwa mchangani eneo zima, wachukuzi wanapita na magunia vichwani, boti zinapakua. Pikapu haikuweza kupita. Ndizeye akaruka kabla haijasimama, akakimbia katikati ya dagaa za watu, wanawake wakimtukana kwa Kiha na yeye hasikii.

Leonia alikuwa nje ya kibanda, amekaa kizingitini, kanga imefunika kichwa. Alipomwona kijana akasimama na kufungua mikono yote miwili, kama anayemzuia na kumpokea kwa pamoja.

"Pole, baba," alisema. "Pole, mwanangu. Mmepishana."

"Mmepishana nini? Kaenda wapi?"

"Sasa hivi tu. Bado ana joto. Ingia umshike, bado ana joto."

Yowe lililotoka ndani ya kibanda kile liliwafanya wachukuzi watue mizigo. Aliita baba yake kwa Kirundi, "Data! Data!" mpaka sauti ikakatika. Révérienne alifika akihema, amesikia, akasimama mlangoni, hakuingia.

Leonia akamshika mkono. "Dada, alisema nikuambie. Alisema aliambiwa mlizama. Boti yenu, wewe na mtoto, wote. Alizunguka ufukweni kule kutafuta hata miili, hakupata. Ndipo ndugu zake wakamshurutisha kuganduka. Mwezi huu ndiyo kasikia kwa mtu aliyetoka kambini kwamba kuna Ndizeye anacheza mpira Kigoma na mama yake Révérienne yupo. Alikuwa anaumwa kitandani, akainuka vile vile. Huyo mke wake wa sasa ndiye aliyemsindikiza mpaka kwenye boti."

"Alitutafuta?"

"Aliwatafuta, kasema. Kasema, mwambie niliwalilia."

Révérienne alikaa chini mchangani, juu ya dagaa za mtu. Hakuna aliyemtukana. Mwanamke mwenye dagaa hizo alikuja akakaa naye, akamvua viatu, akaanza kulia pamoja naye bila kumjua hata jina.

"Mimi nilijua yu hai," Révérienne alikuwa anasema. "Nilijua, nikamnywia pombe."

Kocha Teo alisimama pembeni na kofia mkononi. Alitaka kuingia ndani kwa kijana, akaishia hapo hapo. Aliogopa mlango ule kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote katika uwanja wowote wa dunia.

Ndipo ikasikika honi. Land Rover ya Mwinshehe ilikuja kusimama nyuma ya pikapu, na mwenyewe akashuka kanzu juu juu, anakimbia na anacheka, hajui lolote.

"Wamemchukua!" alipiga kelele. "Kocha! Tumefungwa kikapu kimoja, lakini wamemchukua! Mgeni kasema jina aliliandika tangu kipindi cha kwanza! Hata tungemtoa wakati wa mapumziko ilikuwa imekwisha! Kesho treni, kijana anaondoka kesho…"

Akaona watu wamekaa chini. Akaona machozi. Akashusha kanzu yake.

Ndizeye alikuwa ametoka nje. Alisimama mlangoni na jezi yake ya Mwanga, macho mekundu, mkono bado umekunjika kama umeshika mkono wa mtu.

"Innalillahi," alisema Mwinshehe taratibu. "Tumechelewa?"

"Kidogo tu," alijibu Leonia, akijifuta uso kwa kanga. Mama huyu hakuwa na ubaya wowote moyoni, alikuwa amechoka na anashangaa tu, na akauliza kama ambavyo yeyote kati yetu angeuliza. "Lakini, Kocha, mlikwama wapi? Maana nimekuambia tangu wakati wa mapumziko. Nikarudi huku kwa miguu, nikampikia uji, akaunywa. Akawa ananiuliza, wanakuja? Namwambia wanakuja. Ananiuliza tena. Kwani gari liliharibika?"



Ndizeye alimgeukia Kocha Teo.

"Kocha," alisema. "Gari liliharibika?"

Kocha Teo angeweza kusema ndiyo. Mwinshehe alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa kumsaidia, anafungua kinywa aseme ndiyo kwa niaba yake.

"Hapana," alisema Kocha. "Halikuharibika."

Ndizeye akavua jezi, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa, akaja mpaka mbele ya kocha wake na kumwekea mikononi.

"Mpe mwingine, Kocha," alisema. "Mimi nimefiwa."

Akarudi ndani, akafunga mlango.